Kisiki Kiko Kinalala

Naandika hii mikono bado inanuka moshi. Jana nilikuwa shambani, njia ya Kasenga, tulikuwa tunachoma majani sababu tuko katikati ya mwezi wa tano na majani bado yana ubichi kule chini, moto unatambaa pole pole kama mtu anatafuta kitu alichoangusha, haupandi, hata mtoto anaweza kuuruka. Huu njo moto mzuri. Miaka mingi sikujua kama kuna moto mzuri na moto mubaya, mi nilijua moto ni moto, na mti ukikatwa basi umekwisha. Nilikosea yote mbili, na kukosea kwangu kulikula msitu mwingi sana.

Mi ni mtoto wa Katuba, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Papa alikuwa anatumika kwenye kampuni kubwa ya shaba, na mwaka wa 2003 wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliambiwa wapokee feza ya mwisho waende nyumbani, yeye alikuwa mmoja wao. Ile feza haikufika mwaka. Nilikuwa na miaka 19, sekondari nimemaliza, feza ya iniversite hakuna, wadogo zangu watano wako nyuma yangu, na mujomba wangu mdogo wa mama akasema twende pori kuchoma makala, yaani mkaa, kule hakuna anayekuuliza diplome. Mwaka wa 2004 mwezi wa sita nikapanda nyuma ya lori na shoka mpya na shuka moja.

Kwa ambao hawajaona, tanuru ya makala ni hivi. Mnaangusha miti, mnaikata vipande vya mita moja na kitu, mnaiacha inyauke wiki mbili tatu, kisha mnapanga magogo kwa kulala, makubwa katikati, madogo pembeni, mpaka inakuwa kama nyumba ndefu ya chini chini. Juu mnaweka majani mabichi, halafu udongo, mnaacha mlango mdogo upande ule upepo unatokea. Mnawasha, mnafunga, na hapo njo kazi inaanza sababu hiyo nyumba inataka mlinzi usiku na mchana. Moshi unaongea. Siku za kwanza ni mweupe, mzito, unalowesha nguo, hayo ni maji yanatoka ndani ya mti. Ukiona umekuwa mwembamba na unaelekea rangi ya bluu, mti pale umeshakuwa makala, unafunga upande huo haraka na kufungua upande mwingine. Tanuru ikitoboka usiku na wewe umesinzia, asubuhi unakuta majivu. Ilinipata mwaka wa 2006, nilikuwa na malaria, nililala saa chache tu, nikaamshwa na joto usoni, upande wa nyuma ulikuwa wazi unawaka mwekundu kabisa na mimi na koleo yangu tunatupa udongo kama wazimu mpaka jua linatoka. Miti karibu 40 ilikuwa pale ndani. Tulitoa mifuko minne.

Na hata ikienda vizuri, kwa kila kilo 100 za mti unatoka na kilo 15 hivi za makala, ukiwa fundi kabisa labda 20, ile ingine yote imepanda juu na moshi. Hesabu hiyo sikuijua wakati ule. Mi nilikuwa nahesabu mifuko.

Tulikuwa tunachagua miti. Mutondo, muputu, mubanga kama unabahatika, makala yao ni mazito, mama akiyagonga mawili pale sokoni yanalia kama chuma na bei inapanda hapo hapo. Musuku na mupundu tulikuwa tunairuka sababu ni miti ya matunda, kila mtoto wa kijiji anajua mti wake wa masuku. Hiyo ilikuwa 2004. Kufika 2010 tulikata na musuku. Sikumbuki ni nani kati yetu alianza, nakumbuka tu siku hiyo hakuna mtu alisema kitu, tulipanga magogo tukafunika.

Mwanzo tulikuwa tunachoma kilomita 35 kutoka mjini. Kila kiangazi tunasogea. Mwaka wa 2012 tulikuwa tumepita kilomita 80 na watu wa kinga, yaani baiskeli, walikuwa wanasukuma mifuko mitatu minne kila mmoja, hawapandi, wanasukuma tu, wanalala njiani, wanafika komini za Kenya au Kampemba, hapa hapa mjini, asubuhi na miguu imevimba. Watu wanapenda kusema wachoma makala njo wanamaliza pori. Sawa, shoka ilikuwa mkononi mwangu, sikatai. Lakini ingia nyumba yoyote ya Lubumbashi, hata ile iko na kuran, yaani umeme, angalia nyuma ya mlango wa jikoni, utakuta mbabula, jiko la makala. Kuran inaenda inarudi, na bukari, ugali wetu, haingoji. Tangu miaka ya 1980 kuna laini ya umeme inatoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita kama 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi, na mama wa Katuba mpaka leo anapika na muputu. Mji wa zaidi ya watu milioni mbili unakula msitu kila siku saa sita na saa moja ya jioni.

Kisha kukaja mambo ya mukula. Wengine mnakumbuka, ule mti mwekundu, malori yalikuwa yanapanga mstari kuelekea Kasumbalesa, unapita Zambia unaenda mpaka Uchina. Wenzangu wengi waliacha makala wakakimbilia mukula, mi nilienda wiki tatu nikarudi, sikupenda ile kazi sababu unatembea pori zima kutafuta mti mmoja, unauangusha na unaacha mingine kumi imevunjika, na feza inabaki kwa yule mwenye lori. Mwaka wa 2019 mukula ukaingia kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa dunia, ya miti ambayo biashara yake lazima ichungwe. Huko kwetu kijijini wakati huo mukula mkubwa ulikuwa umeshakuwa hadithi.

Sasa nifike kwenye yale nilitaka kusema.

Mwaka wa 2013 nilichoka kusogea. Nilikuwa nimeoa, tuko na mtoto mmoja, na bibi yangu aliniambia wazi, mume anayeishi pori kama nyani si mume. Nikarudi kwa shefu mmoja wa kijiji, kilomita 47, pale pale tulipochoma miaka ya nyuma, nikalipa, akanipa hekta sita. Karatasi ilikuwa ya mkono, na miaka miwili baadaye nikajua kipande kimoja aliahidi pia mtu mwingine wa mjini, tulisumbuana sana, mwisho nikaachia hekta moja. Zilibaki tano.

Hekta tatu nililima mahindi. Na nililima vile watu wote wanalima, tuling'oa visiki. Miezi miwili mimi na vijana wawili, tunachimba pembeni, tunakata mizizi, tunaviringisha, tunachoma. Kazi ngumu kuliko makala. Nilikuwa najisikia kweli nimekuwa mkulima. Mwaka wa kwanza nilivuna mifuko 34, wa pili 27, wa tatu 12. Udongo wetu ni mwekundu, mzuri kwa macho, lakini chakula chake kiko juu tu, kwenye majivu na majani yaliyooza, mvua ya miaka miwili mitatu ikishapita unabaki na rangi. Mbolea ya dukani bei yake mnajua.

Hekta mbili za upande wa mto sikuzigusa, sababu feza ya vijana iliisha. Sikuwa na sababu ingine yoyote. Zilikuwa na visiki vyangu vya zamani, majani marefu, na vichuguu viwili vikubwa kupita nyumba.

Mwaka wa 2016 kulipita mradi, wanagawa miche ya akasia, Acacia auriculiformis, ile inatoka Australia. Wakasema inakua haraka, miaka saba unakata makala. Na si uongo, kule Mampu kwenye plato ya Bateke karibu na Kinshasa watu wanafanya hivyo miaka mingi, wanakata akasia, wanalima mihogo, akasia inaota tena kwa mbegu. Nilipokea miche 800. Nilichimba mashimo 800. Nilibeba maji kwa bido, yaani madumu, kutoka mtoni kiangazi chote cha kwanza, bibi yangu na tumbo la mtoto wa pili anabeba pia. Hakuna mtu wa mradi alituambia habari ya moto, au aliambia na sikusikia, sijui. Mwezi wa kumi mwaka wa 2017, jua kali, upepo, moto ukatoka upande wa barabara. Ilikuwa mchana. Nilisikia kwanza sauti, kama mvua kubwa inakuja juu ya mabati, nikafurahi sekunde moja nikidhani ni mvua. Majani yalikuwa marefu kuliko mimi na moto ulikuwa juu ya majani. Kwa nusu saa miche yote 800 ilikuwa vijiti vyeusi. Akasia ikiwa ndogo na ikaungua hivyo, haichipui. Nilingoja mvua, nikangoja, hakuna hata mmoja.

Mwezi wa kumi na mbili nkambo yangu akaja kutusalimia, mama ya mama yangu, mtu wa Sakania. Alikuwa mzee tayari, anatembea na fimbo, lakini hakutaka kukaa kivulini, alitaka kuona shamba. Nikampeleka kwenye akasia, nikitaka anihurumie. Hakuziangalia. Alipita moja kwa moja mpaka zile hekta mbili za mto, akainama, akasukuma majani na fimbo, na pale chini kulikuwa kisiki cha mutondo nilichokata mimi mwenyewe, labda 2005, na kwenye ukingo wake machipukizi kama ishirini, ya kufika gotini, majani yanang'aa. Pembeni kisiki kingine, muputu, vile vile. Na kingine. Kila mwaka moto unapita, unayaua mpaka chini, na kila mvua yanatoka tena. Miaka 12 hivyo. Mi nilipita pale mara mia na niliona vichaka tu.

Nkambo akasema, "Mwana, iyi muti haiyakufa, iko inalala. Shoka haiiue. Inakufa juu ya moto yenu ya mwezi wa kenda."

Tulikaa kwenye kichuguu akanieleza chitemene, kilimo cha zamani, cha ujana wake. Wanaume walikuwa wanapanda mti na kukata matawi, shina linabaki limesimama. Wanawake wanakusanya matawi yakauke, wanarundika, wanachoma kabla tu ya mvua pale kwenye rundo peke yake, wanapanda ulezi kwenye majivu. Miaka michache, kisha wanahama na hawarudi pale mpaka mtoto aliyezaliwa mwaka ule awe na mtoto wake. Hakuna mtu alikuwa anang'oa kisiki. Nikamuuliza kwa nini, akanishangaa, akasema utang'oa mti, kisha wajukuu watakata matawi ya nini?

Sisemi turudi chitemene. Ile inataka ardhi kubwa na watu wachache, na sisi tuko wengi. Lakini kile kitu cha chini, kwamba huu msitu wetu wa miombo unajirudisha wenyewe kwa mizizi yake, sikukijua, na nilikuwa nimekata miti miaka tisa. Mizizi ya mutondo au muputu iko ndani kabisa, imekomaa miaka mingi, shoka inatoa tu kile cha juu. Na angalia miti yetu inafanya nini mwezi wa nane na wa tisa, mvua bado haijanyesha hata tone, na pori linageuka jekundu, majani mapya, mekundu na shaba shaba, laini kama sikio la mtoto. Mti umetumia akiba yote ya chini kutoa hayo majani. Halafu hapo hapo, mwezi wa tisa na wa kumi, njo watu wanawasha moto. Unaunguza akiba. Mwaka kwa mwaka mpaka kisiki kinachoka kweli.

Baadaye kijana mmoja jirani yangu, alikuwa anasoma agronomia, akanieleza kuwa ng'ambo pale Ndola, Zambia, wazungu walijaribu hii tangu 1933. Waligawa msitu vipande, kimoja wanachoma mapema wakati majani hayajakauka sana, kingine wanachoma mwisho wa kiangazi, kingine hawachomi kabisa. Miaka na miaka. Kile cha kuchoma mwisho miti mikubwa ilikwisha, ikabaki nyasi. Kile kisichochomwa kilikuwa msitu mnene, na kile cha mapema miti iliendelea kuishi. Ndola haiko mbali na sisi, miti ni ile ile. Nkambo yangu hajasikia Ndola maisha yake yote.

Nikaanza 2018. Visiki vyote vya hekta mbili, na hekta moja ya mahindi iliyochoka ambapo kwenye mipaka kulibaki mizizi kadhaa. Nilipunguza machipukizi, kila kisiki naacha matatu, yaliyonyooka, yaliyoshika karibu na udongo, mengine nakata na panga kali bila kuchana gome. Inauma kukata kitu unachotaka kiote lakini yakibaki ishirini yote yanabaki fimbo.

Mwaka wa 2019 mwezi wa tisa vijana waliokuwa wanawinda panya wakachoma majani upande wa jirani. Nusu ya kazi yangu ikarudi chini. Si kufa, ilichipua tena, lakini miaka ilianza upya. Nilikwenda kwao na hasira, panga mkononi, namshukuru Mungu nilikuta baba yao kwanza. Mzee akanikalisha, akanipa maji, akaniuliza, sasa hawa watoto wale nyama gani? Sikuwa na jibu.

Jibu tulilitafuta pamoja na lilichukua kiangazi kizima. Majirani watano tunapakana. Wanne wakakubali, mwezi wa tano tunachoma vipande vya mpaka, mita kumi upana, asubuhi mapema au jioni bila upepo, kila mtu anasimama na tawi bichi la kupiga moto, na wale vijana wanakuja na mitego na mbwa, panya wanaokimbia ni wao. Wanapata panya, mi napata mpaka mweusi ambao moto wa mwezi wa tisa ukifika unakosa cha kula. Tangu 2020 moto umetujaribu mara tatu. Mara mbili ulisimama pale pale. Ile moja uliruka na tuliuzima na matawi usiku.

Na makala? Bado nachoma. Sitadanganya watu, watoto wangu wanasoma na makala. Lakini nachoma yale ninayopunguza na miti iliyoanguka, na tanuru iko mahali pamoja tu miaka yote, sababu udongo chini ya tanuru unaiva kama tofali na miaka mingi hapaoti mti pale. Zamani kila mwaka tulikuwa tunafungua sehemu mpya, ukitembea kule kilomita 60 utaona yale madoa, majani tu, mpaka leo. Yale ni yangu, mengine nayatambua.

Tatizo linalonisumbua zaidi si moto tena, ni karatasi ya ardhi. Mti wa miaka 20 na kitu unataka mtu anayejua atakuwa pale miaka 20. Ukiwa hujui kama mwakani shefu atauza kwa mwingine, utakata leo, na mi siwezi kumlaumu mtu kwa hilo, nilifanya hivyo. Sheria ya misitu ya 2002 na ile dekre ya serikali ya 2014 zinaruhusu kijiji kuomba msitu wake, mpaka hekta 50,000, uwe wa jamii kwa muda wote. Tumeanza kuandika. Ramani ya kuchora na mkono, majina ya vijito, majina ya wazee, mikutano ambapo watu wa vijiji viwili wanabishana mpaka giza mpaka uko kwenye mti gani, na mara nyingine ule mti tulishauchoma sisi wenyewe zamani.

Machipukizi ya 2018 yaliyopona sasa yanapita paa la nyumba. Unene wa mkono wangu, mengine wa mguu. Mwaka huu mwezi wa kwanza bibi yangu alirudi kutoka upande wa mto na beseni la buyoga, chitondo za njano, zile zinanuka tamu, na tente mbili kubwa. Ule buyoga hauwezi kupandwa, unaishi na mizizi ya muputu na mutondo, mti ukiondoka na wenyewe unaondoka. Tangu tulipofika 2013 hajawahi kuokota hata moja kwenye shamba letu, alikuwa anaenda mbali, mwendo wa masaa matatu kwa miguu. Alikaa chini mlangoni anazisafisha na kisu, moja moja, hakuongea. Wateja wa barabarani walimuita, akasema leo haziuzwi.

Nkambo alikufa 2021, hakuziona.

Jana tulifunga mipaka mitatu. Kesho naenda tena na mtoto wangu mkubwa, umebaki upande wa mashariki, kwa yule jirani wa tano ambaye bado hataki, anasema shamba lake atachoma wakati anapenda. Tutachoma mita kumi zetu upande wetu, na jioni nitapita kwake na buyoga mkavu kidogo, tuongee tena.